Kishale cha kipanya kimepotea kwenye Linux: jinsi ya kupima draiva ya grafiki na kurekebisha

Kompyuta imewaka na eneokazi limefunguka. Ukisogeza kipanya, vitufe vinabadilika rangi vinapopitiwa, na ukibofya kitu kinafunguka. Kishale chenyewe ndicho hakionekani. Wakati mwingine kinaonekana vizuri mpaka kompyuta ilale, ikiamka hakipo. Wakati mwingine kipo kwenye skrini ya laptopu, ila kikivuka kwenda kwenye projekta kinatoweka.

Katika hali hizi zote kipanya ni kizima, na kununua kingine ni kutupa hela. Kosa liko kwenye namna draiva ya grafiki, yaani programu inayoiendesha kadi ya grafiki, inavyokionyesha kishale. Watu wengi huishia kunakili mstari wowote wa mipangilio wanaoukuta, kuwasha kompyuta upya na kungoja bahati. Mara nyingi mstari huo haukuhusu mfumo wao hata kidogo: Xorg na Wayland ni mifumo miwili tofauti ya kuonyesha eneokazi la Linux; mipangilio ya Xorg haisomwi na Wayland, na vigezo vya Wayland havina maana kwa Xorg. Dakika kumi za kupima kabla ya kugusa faili lolote zitakuokoa jioni nzima.

Kwa nini kishale kipotee peke yake

Madirisha, maandishi na picha ya nyuma huchorwa kwenye kumbukumbu ya kadi ya grafiki, na kadi huisoma picha hiyo na kuituma kwenye monita mara 60 kwa sekunde kama monita ni ya 60 Hz. Kishale kwa kawaida hakimo ndani ya picha hiyo. Sehemu ya kadi inayoendesha monita ina tabaka dogo la pekee, kama kipande cha nailoni angavu kilichowekwa juu ya picha, na kishale hukaa humo. Kukisogeza hakuhitaji kuchora upya chochote. Draiva hubadilisha namba mbili tu, za mlalo na za wima. Ndiyo maana kishale huendelea kuteleza hata pale programu zote zimekwama.

Hiki tukiite kishale cha maunzi. Tabaka lake lina kikomo cha ukubwa: pikseli 64 kwa 64 kwenye kadi nyingi za zamani, 128 au 256 kwenye za karibuni. Draiva ikishindwa kuliwasha tena tabaka baada ya kompyuta kuamka, au ikikubali picha ambayo kadi haiwezi kuibeba, eneokazi lote linabaki sawa na kishale peke yake ndicho kinachopotea.

Njia mbadala ni kishale cha programu, yaani kishale kinachorwa ndani ya picha kubwa pamoja na madirisha. Hakitegemei tabaka lile, kwa hiyo karibu kila mara huonekana. Kina gharama zake, nitazieleza mbele.

Vipimo vya kufanya kwa kibodi tu

Fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Ubuntu, Mint na KDE Plasma hufungua kwa Ctrl+Alt+T. Kwenye GNOME ya Fedora bonyeza kitufe cha Super (chenye alama ya Windows), andika `terminal`, kisha Enter.

Anza kwa kuhakikisha mfumo unaona mwendo wa kipanya:

```
sudo libinput debug-events
```

Amri ikikosekana, kifurushi chake ni `libinput-tools` kwenye Debian na Ubuntu, na `libinput-utils` kwenye Fedora. Sogeza kipanya. Mistari yenye `POINTER_MOTION` ikimiminika, kipanya kinafanya kazi na tatizo ni la kuonekana tu. Isipotokea hata mmoja, tafuta kosa kwenye waya, betri, tachipadi iliyozimwa kwa kitufe cha Fn au kadhalika; mengine ya hapa hayatakusaidia. Ctrl+C inasimamisha.

Kipimo cha pili ni kujua kishale kiko wapi. Kwenye GNOME:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface locate-pointer true
```

Kisha bonyeza Ctrl ya kushoto na kuiachia. Duara litachorwa pale kishale kilipo. Duara linachorwa ndani ya picha kubwa, halipitii tabaka la kishale. Kwa hiyo ukiona duara halina mshale katikati, umeshapata jibu: mfumo unajua kishale kilipo na tabaka ndilo halionyeshi. Kwenye Xorg unaweza pia kuuliza mahali penyewe kwa namba:

```
xdotool getmouselocation
```

Jibu huwa kama `x:683 y:384 screen:0`. Kama skrini yako ni ya 1366×768 na amri inasema `x:1910`, kishale hakijapotea. Kimetoka nje na kuingia kwenye monita ambayo haipo. Hilo lina sehemu yake chini.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Skrini itageuka kuwa nyeusi yenye maandishi ya kuingilia. Sasa rudi kwenye eneokazi: kwa GNOME mara nyingi ni Ctrl+Alt+F2, kwa Linux Mint mara nyingi Ctrl+Alt+F7, na mahali pengine F1. Kama kishale kimerudi, kosa ni la draiva, karibu bila shaka. Unapohama namna hii, eneokazi huachia kadi ya grafiki. Unaporudi huichukua tena na kuyapanga matabaka yote upya, likiwemo la kishale. Hii pia ni dawa ya haraka ukiwa katikati ya kazi na huna nafasi ya kutengeneza: haifungi programu yoyote wala kupoteza faili.

Kuna visingizio viwili vya kuondoa kabla ya kuilaumu draiva. Kimoja ni programu zinazoficha kishale makusudi. `pgrep -a unclutter` itakuambia kama `unclutter` inaendeshwa, na kwenye Plasma 6 angalia kama athari ya kuficha kishale imewashwa kwenye mipangilio ya athari za eneokazi. Kingine ni mandhari ya vishale iliyofutwa au kuharibika:

```
gsettings get org.gnome.desktop.interface cursor-theme
gsettings get org.gnome.desktop.interface cursor-size
ls /usr/share/icons/Adwaita/cursors | head
```

Kama jina la mandhari linalotajwa halina folda yenye `cursors` ndani yake, wala kwenye `/usr/share/icons` wala `~/.local/share/icons` wala `~/.icons`, rudisha ya kawaida kwa `gsettings reset org.gnome.desktop.interface cursor-theme`. Fanya hivyo hivyo kwa `cursor-size`. Ya kawaida ni 24.

Utakutana pia na amri ya zamani ya `org.gnome.settings-daemon.plugins.cursor active false`. Iliwasaidia watu enzi za Ubuntu 13.10 na 14.04. Kipengele hicho kiliondolewa kwenye GNOME miaka mingi iliyopita, na leo amri hiyo itakujibu kwamba haipo. Iache.

Jua unatumia sesheni gani na draiva gani

```
echo $XDG_SESSION_TYPE
lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D|Display"
```

Ya kwanza inajibu `wayland` au `x11`. Usikisie. Fedora ilianza kutumia Wayland kama chaguo la kwanza kwenye toleo la 25 mwaka 2016, Ubuntu kwenye 21.04, lakini Mint ya Cinnamon bado huingia kwa Xorg usipochagua vingine, na mashine yenye kadi ya Nvidia inaweza kuwa imerudishwa kwenye Xorg bila wewe kujua.

Ya pili huleta kitu kama hiki kwenye laptopu ya Intel ya aina inayouzwa sana mtumba:

```
00:02.0 VGA compatible controller: Intel Corporation HD Graphics 5500 (rev 09)
        Kernel driver in use: i915
        Kernel modules: i915
```

Mstari wa kutazama ni `Kernel driver in use`. Kwa Intel utaona `i915` au, kwa kadi mpya zaidi, `xe`. Kwa AMD ni `amdgpu` au `radeon`. Kwa Nvidia ni `nvidia` au `nouveau`. Ukiona modules zimetajwa lakini mstari wa draiva inayotumika haupo kabisa, angalia kerneli (kiini cha Linux) iliwashwa na vigezo gani:

```
cat /proc/cmdline
```

Neno `nomodeset` likiwemo humo, simama hapo hapo. Wengi huliweka siku ya kusakinisha Linux kwa sababu skrini ilikuwa nyeusi, kisha hulisahau. Linazuia draiva halisi ya grafiki isifanye kazi yake, na unabaki na njia ya dharura isiyo na uharakishaji na isiyo na tabaka la kishale. Fungua `/etc/default/grub` (mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha Linux), toa neno hilo kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, kisha `sudo update-grub` kwa Debian na Ubuntu. Kwa Fedora amri moja inatosha:

```
sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args="nomodeset"
```

Washa upya, na pima tena kabla ya kuongeza kitu kingine. Kama skrini inakuwa nyeusi bila `nomodeset`, basi tatizo lako ni kubwa kuliko kishale na kishale ni dalili tu. Shughulikia draiva kwanza.

Kwa wenye Xorg

Xorg ina draiva zake juu ya zile za kerneli, na jina unalotakiwa kuandika kwenye mipangilio ni la hizi za Xorg. Lisome kwenye faili la kumbukumbu za matukio (log) la Xorg. Mahali pake hutegemea programu ya skrini ya kuingilia: kwa LightDM na SDDM liko `/var/log/Xorg.0.log`, kwa GDM liko `~/.local/share/xorg/`, na namba inaweza kuwa 0 au 1. Mistari imebandikwa jina la draiva: `modeset(0)`, `intel(0)`, `AMDGPU(0)`, `RADEON(0)`, `NOUVEAU(0)` au `NVIDIA(0)`.

Ukikuta `intel(0)`, hiyo ndiyo draiva ya zamani ya Intel, na ni ya kushukiwa mapema, hasa kama kishale hupotea baada ya kuamka. Debian iliacha kuitumia kama chaguo la kwanza mwaka 2016 kwa kadi za kuanzia 2007, ikahamia `modesetting`. Iondoe:

```
sudo apt remove xserver-xorg-video-intel
```

Apt ikisema itaondoa pia `xserver-xorg-video-all`, kubali. Hicho ni kifurushi cha orodha tu. Xorg itachukua `modesetting` yenyewe. Kama una faili ulilowahi kuandika lenye `Driver "intel"`, lifute pia, la sivyo Xorg itaitafuta draiva isiyopo na itagoma kuwaka.

Tukija kwenye kulazimisha kishale cha programu, tengeneza faili:

```
sudo mkdir -p /etc/X11/xorg.conf.d
sudo nano /etc/X11/xorg.conf.d/20-kishale.conf
```

Ndani yake:

```
Section "Device"
    Identifier "Kadi"
    Driver     "modesetting"
    Option     "SWcursor" "true"
EndSection
```

Kwa AMD badilisha `Driver` iwe `"amdgpu"` au `"radeon"` kulingana na ulichosoma kwenye kumbukumbu. Chaguo la `SWcursor` ni lile lile. Kwa Nvidia na nouveau jina la chaguo ni jingine na maana imegeuzwa:

```
    Option     "HWCursor" "false"
```

Hapa ndipo wengi hukosea. `SWcursor` ni kuwasha cha programu, `HWCursor` ni kuzima cha maunzi. Ukiandika `HWCursor` kwa `modesetting`, Xorg haitalalamika kwa sauti. Itaendelea kana kwamba hukuandika kitu.

Funga kazi zako, washa kompyuta upya, kisha hakikisha:

```
grep -i cursor /var/log/Xorg.0.log
```

Unatafuta mstari wenye `(**)`, mfano `(**) modeset(0): Option "SWcursor" "true"`. Alama hiyo maana yake thamani imetoka kwenye faili lako. Ukiona `(WW)` na maneno `is not used`, draiva haikulitambua chaguo: ama jina si lake au umeandika vibaya. Usipoona chochote, faili halikusomwa. Hakikisha jina lake linaishia na `.conf`.

Kama baada ya kuwasha skrini haileti eneokazi, usiogope. Ctrl+Alt+F3, ingia kwa jina na nywila yako, kisha `sudo rm /etc/X11/xorg.conf.d/20-kishale.conf` na `sudo reboot`. Umerudi ulipokuwa.

Angalia pia kama kuna `/etc/X11/xorg.conf` iliyobaki. `nvidia-xconfig` huitengeneza, na ukibadilisha kadi au kuondoa draiva ya Nvidia inabaki ikiamuru mambo ya mashine ambayo haipo tena. Ihamishe kwa `sudo mv /etc/X11/xorg.conf /etc/X11/xorg.conf.zamani`.

Jambo moja la Xorg pekee: kama umekuza monita moja kwa `xrandr --scale`, kishale kinaweza kumetameta au kutoweka kwenye monita nyingine ambayo haikukuzwa. Dawa inayojulikana ni kuipa hiyo nyingine kipimo kinachokaribia moja bila kuwa moja:

```
xrandr --output eDP-1 --scale 0.9999x0.9999
```

Macho hayataona tofauti.

Kwa wenye Wayland

Hapa hakuna `xorg.conf`. Kompozita, yaani programu inayoyaunganisha madirisha na kuongea na kadi, ndiyo inayoamua kutumia tabaka la kishale, na kila kompozita ina kigezo chake:

- GNOME: `MUTTER_DEBUG_DISABLE_HW_CURSORS=1`
- KDE Plasma: `KWIN_FORCE_SW_CURSOR=1`
- Sway na nyingine zilizojengwa juu ya wlroots (maktaba ya kutengenezea kompozita): `WLR_NO_HARDWARE_CURSORS=1`

Kwa GNOME na Plasma, andika mstari husika kwenye `~/.config/environment.d/kishale.conf`, bila neno `export`. Ukitaka uwahusu watumiaji wote, weka kwenye `/etc/environment`. Usiuweke kwenye `.bashrc`: faili hilo husomwa terminali inapofunguliwa, na wakati huo kompozita imeshawaka zamani. Kwa Sway kigezo lazima kiwepo kabla haijaanza, kwa hiyo kama huianzisha kwa mkono andika `WLR_NO_HARDWARE_CURSORS=1 sway`.

Kompozita ya Hyprland iliwahi kutegemea wlroots na ndiyo maana miongozo mingi inaipa kigezo cha `WLR`. Ilishaachana nayo. Kwenye `hyprland.conf` andika:

```
cursor {
    no_hardware_cursors = true
}
```

Toka, ingia tena, kisha hakikisha kigezo kimefika kwenye mchakato wenyewe:

```
sudo cat /proc/$(pgrep -x -u $USER gnome-shell)/environ | tr '\0' '\n' | grep MUTTER
```

Kwa Plasma weka `kwin_wayland` na `KWIN`. Isipoleta kitu, kigezo hakijafika na usihitimishe kwamba dawa imeshindwa.

Kishale kimerudi. Sasa tafuta chanzo

Unaweza kuishia hapa, na kwa mashine ya ofisini ni sawa. Lakini kishale cha programu hulazimisha sehemu ya picha ichorwe upya kila kinaposogea. Kwenye kadi dhaifu utaona kinachelewa, kinamemeteka juu ya video, au michezo inakatakata. Mimi nakihesabu kama kipimo: kimethibitisha kwamba tabaka ndilo bovu. Kinachobaki ni kujua kwa nini.

Unaweza hata kulitazama tabaka lenyewe. Ondoa kwanza ile mipangilio ya kishale cha programu, ngoja kishale kipotee, kisha:

```
sudo cat /sys/kernel/debug/dri/0/state
```

Kama haipo, jaribu `dri/1`. Kwenye Intel tafuta sehemu iliyoandikwa `cursor A`. Tabaka likiwa linafanya kazi, `crtc=` inataja `pipe A`, `fb=` ina namba, na `crtc-pos=` ina kitu kama `64x64+812+430`, yaani ukubwa na mahali. Likiwa limezimwa utaona `crtc=(null)` na `fb=0`. Tofauti hii ni ya thamani. Ikiwa limezimwa wakati kishale kinapaswa kuonekana, kompozita haikuliwasha. Ikiwa linaonekana limewashwa na namba za mahali zinabadilika ukisogeza kipanya, lakini skrini haionyeshi, basi kosa liko chini zaidi, kwenye draiva ya kerneli au kwenye paneli.

Mtuhumiwa wa kwanza kwenye laptopu ni uwezo wa paneli kujirudia picha yake ili kuokoa betri. Kadi ikiona hakuna kinachobadilika hupumzika, na paneli huonyesha picha iliyohifadhi. Kadi isipoamka kishale kinaposogea, kishale huganda au hakionekani mpaka dirisha libadilike. Kuzima kwa Intel ni `i915.enable_psr=0`, kwa AMD ni `amdgpu.dcdebugmask=0x10`.

Usikimbilie kuandika kwenye `/etc/default/grub`. Jaribu mara moja kwanza: kompyuta inapowaka shika Shift, au gonga Esc kwa zile za UEFI, mpaka menyu ya GRUB itokee. Bonyeza `e`, shuka hadi mstari unaoanza na `linux`, ongeza kigezo mwishoni baada ya nafasi, kisha Ctrl+X. Kitadumu kwa uwashaji huo mmoja. Kikisaidia siku nzima ndipo ukiweke moja kwa moja, ukijua betri itaisha mapema kidogo kuliko zamani.

Kwa Nvidia kuna mambo mawili. Angalia kama draiva inasimamia monita kupitia kerneli:

```
sudo cat /sys/module/nvidia_drm/parameters/modeset
```

Jibu likiwa `N` na unatumia Wayland, ongeza `nvidia-drm.modeset=1` kwenye vigezo vya kerneli. La pili ni kishale kinachopotea au kugeuka mraba wa takataka baada ya kulala. Kumbukumbu ya kadi inaweza kupotea wakati wa usingizi, na picha ya kishale ikapotea nayo. Andika kwenye `/etc/modprobe.d/nvidia-usingizi.conf`:

```
options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1
```

Kisha washa huduma zinazohifadhi na kurudisha kumbukumbu hiyo:

```
sudo systemctl enable nvidia-suspend.service nvidia-resume.service nvidia-hibernate.service
```

Jenga upya initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa mwanzoni kompyuta inapowaka), kwa `sudo update-initramfs -u` au `sudo dracut -f`, na uwashe upya. Kigezo bila huduma, au huduma bila kigezo, hakikamiliki.

Kama shida ilianza siku ulipofanya masasisho, chagua kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB, chini ya chaguo za ziada. Kishale kikionekana humo bila dawa yoyote, umepata uharibifu uliokuja na toleo jipya, na taarifa hiyo ni dhahabu kwa watengenezaji.

Monita isiyokuwepo

Hii huwakuta wenye laptopu zenye tundu la VGA, au waliochomoa projekta bila kuzima. Kadi inaamini kuna monita ya pili, eneokazi linatandazwa hadi huko, na kishale kinaenda kutembea mahali pasipoonekana.

```
grep . /sys/class/drm/*/status
```

Ukiona `card0-VGA-1/status:connected` na hakuna waya uliochomekwa, ndiyo huyo. Kwenye Xorg mzime kwa `xrandr --output VGA-1 --off`. Kwenye Wayland mzime kwenye mipangilio ya skrini. Kwa kudumu, ongeza kigezo cha kerneli `video=VGA-1:d`. Tumia jina kama lilivyo kwenye orodha ya `/sys`, ukitoa `card0-`. Majina ya Xorg hutofautiana kidogo: kinachoitwa `HDMI-1` na xrandr, kerneli hukiita `HDMI-A-1`, na kigezo chenye jina la xrandr hakitafanya kitu.

Ndani ya mashine pepe

Mashine pepe haina tabaka la kweli. Programu inayoibeba hukichora kishale upande wa nje, na maelewano hukatika kwa urahisi. Kwa VirtualBox chagua kidhibiti cha grafiki VMSVGA na uwashe ujumuishaji wa kipanya. Kwa QEMU ongeza `-device usb-tablet`, ili kishale kitumwe kama mahali halisi kwenye skrini, si kama umbali ambao kipanya kimesogea. Kwa Sway, kigezo cha `WLR_NO_HARDWARE_CURSORS=1` kiweke tu moja kwa moja; gharama yake humo haionekani.

Kuripoti

Kishale kikirudi kwa kishale cha programu tu na hakuna chanzo kati ya hivi kilichokuhusu, ripoti. Kosa la draiva ya Intel au AMD hupelekwa gitlab.freedesktop.org, la GNOME gitlab.gnome.org kwenye mradi wa Mutter, la Plasma bugs.kde.org. Ambatanisha matokeo ya `uname -r`, ya `lspci -k` kwa kadi yako, ya `journalctl -b -k`, na ya lile faili la `state` lililochukuliwa wakati kishale hakionekani. Sema wazi kama kuhama kwa Ctrl+Alt+F3 na kurudi hukirudisha, na kama kilionekana kwenye kerneli ya zamani, taja namba zote mbili za matoleo.